Waliofika Wakarudi, Kilomita ya 88

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililichukua ofisini kwa ajili ya mihtasari ya vikao, nikaona ni dhambi kulijaza maneno ya vikao. Nitaandika yangu. Mvua imeanza leo. Paa la ofisi linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya kabati lenye faili la ukarabati wa ofisi. Situngi, ndivyo lilivyo.

Msimu huu tuna kazi moja: kumaliza mpango wa miaka ishirini wa barabara kuu ya ukanda wetu, kilomita mia mbili na arobaini kutoka mpakani hadi stesheni ya reli. Miradi thelathini na mmoja imepangwa foleni. Mitano ya kwanza itajengwa ndani ya miaka mitano, na iliyo mkiani itangoja mpaka mwaka wa kumi na sita. Mimi ndiye wa hesabu za magari. Napokea fomu za wahesabuji waliokaa barabarani wiki nzima, natafuta wastani wa siku, na wastani huo ndio unaobeba alama nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana wananiita Mama Takwimu.

Bodi inakaa tarehe 25 Aprili. Mkurugenzi kaninong'oneza kwamba kiti cha mkuu wa mipango kitakuwa wazi mwezi wa saba, na yeye haoni mtu mwingine wa kukikalia. Nilijifanya sikusikia vizuri, lakini nilitembea hadi nyumbani bila kukumbuka kufungua mwavuli.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha saa tatu nzima kuhusu rangi ya jalada la mpango. Bluu imeshinda.

Jumanne, 11 Machi

Mdogo wangu kaja. Yeye ni mkunga katika zahanati ya ng'ambo ya mto, kule Kilomita ya 88, na akija huwa haji kunisalimia tu. Viatu vina tope, mkoba kifuani, hata maji hajanywa.

"Dada, daraja letu limo kwenye huo mpango wenu?"

"Limo."

"La mwaka gani?"

Nilijua litakuja. Daraja la sasa ni la chini, zege limelala karibu na maji, na mto ukijaa linazama lote. Hospitali iko upande huu, zahanati yake upande ule. "Awamu ya nne," nikamwambia. "Mwaka wa kumi na sita hivi."

Akacheka, lile cheko lake la hasira. "Mwaka wa kumi na sita nitakuwa nimestaafu na nina wajukuu. Watakaozaa kabla ya hapo wabane miguu?"

"Usinitukane kwangu. Sikupanga kwa kupenda. Magari mia na kumi na saba kwa siku, ndiyo yanayopita pale. Barabara ya mchepuo ya mjini inabeba elfu nne. Namba hazina mdogo mtu wala shemeji."

"Magari mia na kumi na saba? Dada, siku ya soko pekee nasubiri malori hamsini yapite ndipo nivuke."

"Wewe unaona, mimi nahesabu," nikamjibu. Nimeliandika hivyohivyo nilivyolisema, kwa kiburi kilekile.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Kaondoka alfajiri bila kuaga. Baba watoto anasema nilimjibu kama karani wa dirishani. Nimemwambia ale chakula chake.

Jumanne, 18 Machi

Mchora ramani wetu, tunamwita Penseli kwa sababu daima ana moja sikioni, leo alibandika ramani kubwa ukutani. Barabara kaichora kwa unene: penye magari mengi mstari mnene, penye machache mwembamba. Kazi safi. Tukasimama sote kuisifia, Mkurugenzi akapiga makofi.

Watu walipotawanyika, Penseli akanishika kiwiko. "Mama Takwimu, hebu nisaidie jambo dogo. Hapa Kilomita ya 80, magari mia nne na ishirini. Hapa Kilomita ya 95, mia tatu na tisini. Katikati yake, pale mtoni, mia na kumi na saba. Na hakuna njia ya kuchepukia." Akaitoa penseli sikioni, akaigusa ramani. "Magari yako yana mabawa?"

Nikacheka. Nikamwambia vituo vilihesabiwa wiki tofauti, mambo hubadilika. Akasema sawa. Lakini mchana wote sikuweza kuuangalia ule ukuta.

Jumatano, 19 Machi

Nimeenda stoo kutafuta fomu zenyewe. Niandike yote, maana sijui nitamwambia nani.

Kituo cha 14, Kilomita ya 88, wiki ya pili ya Aprili mwaka jana. Siku ya kwanza, magari 412. Ya pili, 398. Ya tatu, sifuri. Ya nne, ya tano, ya sita, sifuri, sifuri, sifuri. Ya saba, tisa. Jumla 819. Gawanya kwa saba, 117. Hesabu yangu haina kosa, hata mtoto wa darasa la nne angeipata.

Kisha nikaigeuza ile fomu ya siku ya tatu. Nyuma, kwa kalamu ya bluu, mhesabuji kaandika: *Mto umefunga njia. Malori yamejipanga pande zote mbili. Tufanyeje?* Ya siku ya nne: *Bado umefunga. Watu wanalala kwenye magari.* Ya tano, ya sita, vivyo hivyo. Siku ya saba maji yalipungua jioni, yakapita magari tisa kabla ya giza.

Nilikaa juu ya boksi la fomu. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikitangaza kwamba daraja lile halina haja kwa kuwa halina magari, na magari hayakuwepo kwa kuwa daraja lilikuwa chini ya maji. Ubaya wa daraja ndio nilioutumia kulinyima daraja. Fomu zote saba nimezitia sahihi upande wa mbele. Nyuma sikugeuza hata moja. Mhesabuji aliniuliza tufanyeje, nami sikumjibu.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimevaa miwani ya mbao, nikapita mbele ya ile ramani kama siijui.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua siku ya nne mfululizo. Nilijifungia na kukokotoa upya. Nikichukua siku mbili ambazo njia ilikuwa wazi, wastani ni 405. Alama hupimwa kwa magari dhidi ya gharama, na daraja ni la bei ndogo mara nyingi kuliko barabara nzima, kwa hiyo linatoka nafasi ya ishirini na sita na kuwa la nne. Mradi uliokuwa wa tano unakuwa wa sita, unadondoka nje ya awamu ya kwanza. Wa tano ni barabara ya mchepuo ya mjini, na hiyo ni ya Mkurugenzi. Ameipigania miaka minane, na ameshamwahidi kila mkubwa anayemjua.

Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwambia. Niliingia na fomu saba mkononi, nikazipanga mezani kwake, nikazigeuza moja moja. Alisoma zote. Si mtu mjinga, na si mtu mbaya; ningependa awe mbaya ili kazi yangu iwe rahisi.

"Umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Sasa usimwambie mwingine."

"Mzee, daraja ni la nne."

"Nisikilize, dada yangu. Tukisimama mbele ya bodi tukasema kituo kimoja kimekosewa, watauliza vingine thelathini vikoje. Watataka vyote vihesabiwe upya. Mwaka umekwisha. Wafadhili watahamia ukanda mwingine, na hapo hakuna daraja, hakuna mchepuo, hakuna kitu. Mpango utapitiwa upya baada ya miaka mitano. Tutalipandisha wakati huo, kimyakimya."

"Miaka mitano ni mingi kwa watu wa ng'ambo."

"Wameishi bila daraja tangu babu zao." Akazikusanya fomu, akazigonga mezani zilingane, akanirudishia. "Na sahihi hapa ni ya nani? Si yangu. Unakaribia kiti kile. Usijikate mguu mwenyewe."

Nikasema ahsante. Ndiyo, nilisema ahsante! Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshaanza kuamini maneno yake, na hilo ndilo linalonichoma.

Jumatano, 2 Aprili

Mdogo wangu kanipigia simu. "Mto umefunga." Akakata.

Alhamisi, 3 Aprili

Umefunga. Tumerekebisha makosa ya tahajia katika sura ya pili.

Ijumaa, 4 Aprili

Ulifunguka mchana, ukafunga tena. Baba watoto kaniuliza mbona sili. Nikamwambia kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikamwambia sikuomba methali. Akasema basi, hana kingine.

Jumanne, 8 Aprili

Nimechukua siku ya likizo, nimeazima gari la Baba watoto na kwenda Kilomita ya 88 na rundo la fomu tupu. Nilijiambia naenda kuona tu. Nimewahi kuandika kurasa sitini kuhusu mahali pale, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kusimama pale mvua ikinyesha.

Nilifika saa tatu asubuhi. Daraja halionekani. Kinachoonekana ni nguzo mbili za rangi nyeupe na nyekundu zimetoka majini, na kati yake maji ya kahawia yanakwenda kasi. Malori yamezimwa, madereva wamekaa chini ya maturubai. Nikafungua kiti changu, nikatoa fomu. Safu ya "waliopita" ningeiandikia nini? Nikaikata, juu yake nikaandika "waliofika", na pembeni "waliorudi". Nikaanza kupiga vijiti, vinne na cha tano kuvikata, kama nilivyofundishwa nilipoajiriwa. Kufikia saa nne na nusu nilikuwa na sitini na tatu kwa upande wangu peke yake. Dereva mmoja wa lori la saruji akaja kuchungulia.

"Mama, unatuhesabu sisi tuliokwama?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ni wa kwanza. Mwaka jana vijana waliokaa hapa walituambia fomu haina nafasi yetu."

Saa tano kasoro, ng'ambo ikafika pikapu ya zahanati. Niliitambua kabla sijamtambua yeye. Akashuka na koti lake la mvua la manjano, akaja mpaka ukingoni, akatazama maji. Kati yetu hapazidi mita arobaini, lakini kwa mngurumo ule hata ungepiga mbiu usingesikika. Nikampigia simu. Nikamwona akiitoa mfukoni.

"Dada? Ni wewe pale? Unafanya nini huko?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Magari."

Nilimwona kabisa, simu sikioni, akinitazama. "Basi nihesabu na mimi," akasema. "Nina mama garini, uchungu tangu alfajiri, mtoto kalala kwa ubavu. Anahitaji upasuaji. Zahanati sina daktari, sina damu, sina chochote. Nihesabu vizuri, dada, usije ukanikosa."

Nilipiga kijiti. Nilikuwa namtazama yeye, si karatasi, kikatoka kirefu kuliko vingine.

Saa sita. Maji hayajashuka. Saa saba, yameshuka kiganja kimoja kwenye nguzo. Nilimpigia mara nne, mara ya tano hakupokea. Alikuwa ameingia nyuma ya pikapu, miguu yake tu inaonekana. Madereva wa upande wangu waliacha kupiga soga. Yule wa saruji akatoa kamba lorini bila kuambiwa na mtu. Saa nane na robo maji yalishuka hadi mapajani, wakavuka wanaume sita wameshikana kwa ile kamba, wakambeba yule mama juu ya mlango wa mbao. Mdogo wangu nyuma yao, maji kiunoni, mkono mmoja juu ya tumbo la mgonjwa. Nikawapakia garini mwangu. Nimeendesha kama mwendawazimu.

Mama amepona. Mtoto alitoka amekwisha kufa. Alikuwa wa kike.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, nguo zetu zinachuruzika sakafuni. Pale ndipo nilipomwambia. Kuhusu fomu, na upande wa nyuma, na sifuri nne.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na tisa Machi."

"Leo tarehe ngapi?"

"Nane Aprili." Nikajitetea, Mungu anisamehe. Nikasema hata ningesema siku ileile, daraja lisingekuwepo leo.

"Najua. Mimi si mtoto," akasema. "Huyu wa leo sikuulizi. Nakuuliza hao wa kesho." Akanyanyuka kwenda wodini. Hakugeuka.

Jumatano, 9 Aprili

Nililia ofisini, chooni, kama msichana wa shule. Kisha nikanawa uso na kutoa nakala za zile fomu. Pande zote mbili.

Alhamisi, 17 Aprili

Mdogo wangu hapokei simu. Mvua. Mkurugenzi kanionyesha waraka wa kiti kile; jina langu liko peke yake. Nimempa mkono.

Alhamisi, 24 Aprili

Kesho. Baba watoto kanipigia pasi blauzi nyeupe, yeye ambaye hajawahi kupiga pasi hata leso yake. Kaichoma kola kidogo. Nitaivaa hivyohivyo.

Ijumaa, 25 Aprili

Wajumbe kumi na mmoja, meza ndefu, chupa za maji. Mwenyekiti ni mama mmoja mhandisi mstaafu, mkavu, hacheki na mtu. Mkurugenzi aliwasilisha kwa nusu saa, vizuri sana. Alipofika kwenye kiambatisho cha tano, cha hesabu za magari, akasema, "Mtaalamu wetu wa takwimu atathibitisha." Ni desturi tu. Mtaalamu husimama, husema "Nathibitisha", hukaa.

Nikasimama. Nikawa naitazama chupa ya maji iliyo mbele yangu maana watu sikuweza kuwatazama.

"Siwezi kuthibitisha," nikasema.

Mkurugenzi akasema taratibu, "Labda mwenzetu hajisikii vizuri." Nikasema najisikia vizuri, ahsante. Nikagawa nakala. Nikawaomba waangalie kituo cha 14, kisha wageuze. Karatasi kumi na moja ziligeuka kwa pamoja, na nikawaona wakisoma kalamu ya bluu ya yule mhesabuji. Nikasema kosa ni langu, si la wahesabuji wala la Mkurugenzi. Nikawaeleza pia kwamba vituo vyote thelathini na kimoja nimevipitia upya, upande wa mbele na wa nyuma, wiki mbili hizi, na hakuna kingine chenye tatizo hilo. Mwisho nikawapa fomu niliyoijaza mwenyewe tarehe 8, yenye waliofika na waliorudi.

Mwenyekiti akaweka kidole kwenye kijiti kimoja. "Hiki mbona kirefu?"

"Hilo lilikuwa gari la wagonjwa, mheshimiwa." Nikamweleza.

"Na kosa hili umelijua lini?"

Nilitamani kudanganya siku chache tu. "Wiki tano zilizopita."

"Wiki tano," akasema, akaandika. Hakunisifu, na sikustahili sifa. Wakaamua kituo cha 14 kikaguliwe na ofisi nyingine ndani ya siku kumi, mpango upite ukisubiri jibu hilo. Wafadhili hawakuhama. Hakuna kilichoanguka isipokuwa mimi.

Koridoni Mkurugenzi alinipita bila neno. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 28 Aprili

Barua ya onyo. Jina langu limeondolewa kwenye kile kiti. Penseli kaileta chai mezani kwangu, akakaa, hakufanya mzaha wowote. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Jumatatu, 5 Mei

Jibu limekuja. Wastani wa kituo cha 14 njia ikiwa wazi: 398. Daraja ni la nne, awamu ya kwanza. Usanifu mwaka wa kwanza na wa pili, ujenzi kuanza wa tatu. Mchepuo umehamia awamu ya pili. Nimemtumia mdogo wangu ujumbe. Hakujibu.

Jumanne, 6 Mei

Kaja mwenyewe. Mto ulifunguka asubuhi, akapita kabla haujabadili mawazo. Safari hii alikunywa maji, gilasi mbili. Nikamfunulia ukurasa wa mpango, nikamwonyesha mstari wenyewe. Aliusoma kwa kidole, polepole.

"Ahsante, dada," akasema. Nilikuwa nimeingoja hiyo ahsante mwezi mzima, na ilipofika sikujua niiweke wapi.

Kisha akauliza, "Ujenzi mwaka wa tatu. Kumalizika?"

"Wa nne. Kama mambo yakienda vizuri."

"Kwa hiyo misimu minne ya mvua." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anapiga hesabu, tena kwa usahihi kuliko mimi. "Mwaka huu mvua imebaki wiki tano hivi. Nina wanawake saba wa kujifungua ndani ya wiki hizo. Wawili wana matatizo, najua tayari. Huo mpango wenu una nini kwa hao wawili?"

Miaka ishirini kwenye kurasa mia tatu, jalada la bluu, na hao wawili hawamo. Nilitaka kumwambia hilo si la idara yetu, na kweli si la idara yetu.

"Wanaweza kuvuka mapema?" nikamuuliza. "Mto ukiwa wazi, kabla ya uchungu. Wakae upande huu mpaka siku yao."

"Wakae wapi? Hawana ndugu huku. Hospitali haipokei mtu asiye na uchungu."

Baba watoto alikuwa anasoma gazeti, au anajifanya. Akalishusha. "Chumba cha binti kipo tangu alipoolewa," akasema. "Kina vitanda viwili na mikoba yako yote ya fomu. Fomu zitoke."

"Shemeji, ni wiki kadhaa. Watataka kula."

"Na sisi huwa hatuli?"

Mdogo wangu alinitazama mimi, si yeye. Alikuwa anangoja nithibitishe. Nikasema walete.

Jumatano, 7 Mei

Tumetoa fomu. Mifuko kumi na minne. Mgongo unaniuma.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua kubwa usiku, mto umefunga tangu alfajiri. Lakini wa kwanza alivuka jana jioni. Ni mwanamke mdogo, mrefu, ana mfuko mmoja na anaona haya. Amebakiza siku kumi na mbili, na mtoto wake naye kalala kwa ubavu. Asubuhi nilipokuwa natoka kwenda kazini alikuwa dirishani, anaitazama mvua inavyopiga barazani.

"Huko kwetu saa hizi hapapitiki," akasema.

"Hapapitiki," nikamwambia. "Umeshapita wewe."